Nani Kalipa?

Mama hakuuliza hoteli ikoje, wala tutakaa siku ngapi. Alikuwa nyumbani kwake Michenzani, Unguja, anachambua mchele kwenye ungo, na mimi nimekaa mkekani mbele yake na habari niliyoibeba tangu Addis Ababa: kesho kutwa tunahamia Shangani, usiku mbili, Park Hyatt, mimi na yeye.

"Nani kalipa?"

"Hakuna aliyelipa, mama. Pointi."

"Pointi ndiyo nani?"

Ilikuwa Machi 2023, wiki mbili hivi kabla ya Ramadhani, joto la kaskazi limekwisha nguvu lakini halijaondoka. Nikajieleza. Kazi yangu ni ukalimani. Nakaa kwenye kibanda cha vioo nyuma ya ukumbi, hedifoni masikioni, namsemea mtu nisiyemjua kwa watu nisiowajua. Mikutano yenyewe hufanyika mahotelini, na sisi hulala humo humo. Mwaka ule uliopita nililala sana kwenye hoteli za kampuni hiyo hiyo ya Hyatt: ile Kilimanjaro ya Kivukoni kule Dar es Salaam, Addis Ababa, na Dubai upande wa Deira. Ukiwa mwanachama wao, kila dola moja unayolipia chumba unaandikiwa pointi tano. Zikikusanyika, unalalia. Ukizisahau miezi 24 bila kuongeza wala kutumia, zinapotea.

Mama alisikiliza mpaka mwisho, huku vidole vyake vinatoa vijiwe.

"Na hizo dola ulilipa wewe?"

"Nalipa kwa kadi yangu, halafu wenye mkutano wananirudishia kwa risiti."

"Mwenye kurudishiwa hakulipa."

Hapo ndipo niliposahau nilikuwa naongea na nani. Mama alikuwa karani wa serikali. Alianza kwenye taipu, akaishia kushika masurufu ya ofisi, na hadithi zake zote za ujana zina mtu mmoja aliyerudi safari na senti pungufu. Kwake yeye kilichobaki kinarudi, na vocha yake juu. Nikamwambia niliwahi kumuuliza mhasibu wa mkutano mmoja, akacheka, akasema pointi anapewa aliyelala, wao hawana pa kuzipokea. Mama akatikisa ungo.

"Alicheka," akasema. "Hakuandika."

Kilichomlegeza sicho hicho. Ni jina la nyumba. Hoteli ile, iliyofunguliwa 2015, ni majengo mawili yaliyoungana: moja jipya wanaliita Zamani, na la zamani kweli linaitwa Mambo Msiige. Ndiyo, jipya ndilo Zamani, msiniulize mimi. Mambo Msiige ilijengwa katikati ya karne ya 19 na tajiri wa Kiarabu, na jina lake wazee wanalifasiri kama lilivyo: haya mambo, msiyaige. Wanasema chokaa yake ilikorogwa kwa maelfu ya mayai. Waingereza waliifanya ofisi za balozi wao, ikawa hospitali ya Wazungu, kisha ikawa ofisi za serikali, na katika moja ya ofisi hizo, mlango wa tatu kutoka ngazi, mama yangu alitaipu barua kwa miaka kumi na mmoja.

"Pale nimefanya kazi," akasema. "Sijapata kulala." Akainuka kwenda kuosha mchele. Nikajua twende.

Siku ya kuondoka alitoka na buibui lake jipya na kikapu cha ukili kilichofunikwa kitambaa. Ndani mna mkate wa kumimina, mayai ya kuchemsha, chupa ya chai, vikombe viwili na chumvi kwenye karatasi. Samaki wa kupaka tulibishana naye mpaka mlangoni, akabaki nyumbani. Teksi ikapita Mnazi Mmoja, Vuga, ikatokea uwanja wa Kelele, na njia nzima mama anaangalia nje kama mtu anayekagua kazi ya mafundi.

Kijana wa mapokezi alimwamkia, "Shikamoo bibi," akaletewa taulo baridi lenye harufu ya mchaichai. Mama akalishika kwa ncha za vidole. "La nini?" Nikamwonyesha kwa kujifuta mikono. Naye akajifuta, akalikunja mraba, akalirudisha kwenye sinia limekaa vizuri kuliko lilivyokuja. Kisha akamwuliza kijana, kwa upole kabisa, kama anajua chumba kile kimelipwa kwa kitu gani.

"Kwa pointi, bibi. Zote zipo. Karibuni sana."

Mama akanitazama kwa jicho la pembeni. Shahidi wa kwanza amepatikana.

Chumba chetu kilikuwa upande mpya, dirisha linatazama bahari, na jahazi moja limetweka tanga kwa ajili ya watalii wa magharibi. Mimi nilitaka akae kwanza barazani atazame maji. Yeye alianza ukaguzi. Akafungua kabati, akahesabu vibao vya nguo. Akagonga bafu la kuogea la kulala mtu mzima, akasema hilo ni josho. Akafika kwenye friji ndogo, akakuta soda na chokoleti, na juu yake korosho kwenye kichupa.

"Hizi zimo kwenye pointi?"

"Hizo hazimo."

"Na chai ya asubuhi?"

Haikuwamo. Nilikuwa nimepanga kuilipia mwenyewe, kimyakimya, nimfurahishe kwa ile meza yao ndefu ya matunda na mikate. Kumbe bei ilikuwa imeandikwa kwenye kijitabu juu ya meza, na mama hasomi kitu nusu. Akavaa miwani, akaizidisha kwa watu wawili, kwa siku mbili. Akavua miwani.

"Hapa tukigusa kitu tumekwisha," akasema, akaweka kikapu chake juu ya friji ile, hata mlango usifunguke kwa bahati mbaya.

Basi tuliishi hivyo. Asubuhi tulikunywa chai ya tangawizi kutoka kwenye chupa, kwenye baraza ya hoteli ya kifahari, tunamega mkate wa kumimina, na makombo yakianguka mama anayaokota moja moja. Maji yale ya bure yaliyowekwa chumbani aliyakubali baada ya kusoma kibandiko mara mbili. Jioni tulitembea mpaka Forodhani, tukala urojo tumesimama, tukawaangalia vijana wa makachu wakijirusha baharini, kichwa chini miguu juu, mmoja baada ya mwingine. Hoteli ilikuwa na bwawa ukingoni mwa bahari ambalo huwezi kujua maji yake yanaishia wapi. Hatukuligusa, ingawa lile lilikuwamo kwenye pointi. Nililitamani, sisemi uongo.

Usiku wa kwanza alilala ukingoni mwa kitanda, buibui lake amelikunja chini ya mto. Nilipoamka amekwisha kusali, amekwisha kutandika. Mashuka yamevutwa mpaka mfanyakazi wa vyumba alipoingia akasimama, akadhani hatukulala humo. Wakaanza kuulizana kwao. Dada yule akawa mtu wa Makunduchi, anamjua fulani wa fulani. Robo saa baadaye mama anamsaidia kuvalisha mito foronya. Nikatoka nje, maana pale nilikuwa mgeni peke yangu.

Ni huyo dada aliyetuongoza siku ya pili kwenda upande wa zamani. Mama alishika ukuta wa ngazi kwa kiganja kizima tangu chini, hasemi. Juu akasimama, akageuka mgongo, akahesabu kama anavyohesabu mtu aliyezoea kufika gizani umeme ukikatika. Moja. Mbili. Mlango wa tatu ulikuwa wa chumba cha wageni, na kwenye kitasa pananing'inia kibao cha kuomba wasisumbuliwe.

Tukasimama sote watatu. Ndani tulisikia maji ya bomba, na mtu anakohoa.

"Zamani hapa tulibandika karatasi," mama akasema kwa sauti ya chini. "Subiri Uitwe."

Dada akataka kutuonyesha chumba kingine kama hicho, kilichokuwa wazi. Mama akashukuru, akakataa. Alisogea kwenye dirisha la ukumbini, akaegemea kizingiti chake kinene, akasema meza yake ilikuwa inapata upepo huu huu, na karatasi zake alizikandamiza kwa kipande cha marumaru alichokiokota ufukweni. Bosi wake alikuwa anapita kila siku saa nne kukiinua na kukirudisha. Mpaka leo mama hajui kwa nini.

Usiku ule ndipo aliponiuliza. Taa tumezima, mlango wa baraza uko wazi.

"Huko kwenye kibanda, ulisema nini mpaka wakakupa vyote hivi?"

Nikajaribu kukumbuka. Ushuru wa forodha. Viwango vya mahindi. Siku nzima moja tulijadili koma ilipo kwenye kifungu kimoja. "Maneno ya watu tu, mama. Mimi sina neno langu hata moja."

Akanyamaza, nikadhani kalala.

"Mimi nimetaipu maneno ya watu miaka kumi na mmoja, juu pale. Sikupewa hata kalamu."

Nikasikia anapapasa kwenye meza ya kitandani, kwenye kile kijitabu cha kuandikia cha hoteli.

"Hii je? Imo kwenye pointi?"

"Hiyo imo. Chukua."

Asubuhi kalamu ilikuwa imechomekwa kwenye mkoba wake, mfuko wa nje, inaonekana.

Pale mapokezi kijana yule yule akatuchapia karatasi. Usiku mbili, jina langu, na chini kabisa salio sifuri. Mama akaipokea kabla yangu, akavaa miwani, akaishusha kidole mstari kwa mstari mpaka kwenye sifuri. Akaigeuza nyuma. Akairudisha mezani.

"Muhuri uko wapi?"

"Siku hizi hatupigi, bibi. Iko kwenye mfumo."

"Mwanangu, mimi mfumo siwezi kuutia mkobani."

Kijana akanitazama, nikatazama bahari. Akaingia ofisi ya nyuma. Tulisikia droo zinafunguliwa, mtu anamwuliza mwenzake, kicheko, kisha kishindo kimoja juu ya meza. Akarudi na karatasi kaishika kwa mikono miwili, muhuri wa duara wa buluu umekaa upande.

"Umeinamia kushoto," mama akasema, na tayari alikuwa anaupuliza wino ukauke.