Daftari linasema faida, mkononi hakuna kitu

Jumapili usiku ndiyo saa nzuri ya kukaa na hesabu. Simu imenyamaza, hakuna mteja wa kubembeleza. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na ni kweli. Usiku huu naandika juu ya ile inayopotea daftari likiwa wazi mezani.

Tuchukue bidhaa inayonunuliwa kwa 70 na kuuzwa kwa 100, sarafu yoyote ile. Kila mwezi unauza bidhaa 100. Mauzo 10,000, manunuzi 7,000, pango na mishahara na usafiri 2,000. Faida ni 1,000 kwa mwezi, biashara nzuri tu. Sasa weka masharti ambayo anayeanza huyakubali bila kuuliza: mwenye mzigo analipwa taslimu, mteja anapewa siku 60. Mwezi wa kwanza zinatoka 9,000 na haiingii hata senti. Wa pili hivyo hivyo. Wa tatu ndipo yanaingia malipo ya mwezi wa kwanza. Kabla ya kuonja malipo hayo umeshazamisha 18,000, na kwa faida ya 1,000 kwa mwezi shimo hilo litachukua mwaka mmoja na nusu kufukiwa.

Halafu zinakuja habari njema, na hizo ndizo za kuogopa. Mwezi wa nne oda zinakuwa mara mbili. Manunuzi yanapanda hadi 14,000, jumla zinatoka 16,000, lakini kinachoingia bado ni 10,000 ya mauzo ya zamani. Mwezi wa tano vilevile. Ukijumlisha toka mwanzo, shimo limefika 29,000, wakati daftari la faida linasoma 11,000. Hakuna aliyeiba. Fedha ziko kwa wateja, 40,000 nzima, na wateja wengine ni wa kukopa harusi kulipa matanga.

Dawa yake ni jedwali la fedha la wiki 13 zijazo, yaani robo mwaka. Kila wiki ina mistari minne: salio la kuanzia, zinazoingia, zinazotoka, salio la mwisho. Kosa linaloharibu majedwali mengi liko kwenye mstari wa pili: watu huandika tarehe ya ankara. Andika siku ambayo mteja huyo hulipa kweli kwa mazoea yake. Mwenye siku 30 ambaye siku zote hulipa ya 45, mweke ya 45. Kodi uliyomkusanyia serikali na makato ya wafanyakazi viwekwe akaunti ya pembeni siku ile ile vinapoingia, maana si vyako hata kwa usiku mmoja. Na mwenye biashara ajiandikie mshahara, hata mdogo. Anayechota kidogo kidogo hajui amechota kiasi gani.

Kila mwisho wa wiki linganisha ulichokisia na kilichotokea, futa wiki iliyopita, ongeza moja mbele.

Ukiona pengo, yako mambo ya kusogeza. Malipo ya awali ya nusu yanabadilisha kila kitu: katika mfano ule ule shimo la miezi miwili ya mwanzo linashuka kutoka 18,000 hadi 8,000. Mwenye mzigo akikubali siku 30, afadhali zaidi. Punguzo la bei ndilo watu hukimbilia kwanza, nami naliona la hatari kuliko yote. Ukitoa asilimia 10 kwenye bidhaa hii, faida ghafi inashuka kutoka 30 hadi 20 kwa kila moja, kwa hiyo inabidi uuze nusu zaidi ili ubaki pale pale ulipokuwa.

Na uongozi? Mwingi umejificha humu humu. Muuzaji anayelipwa kamisheni siku ya kuuza atakopesha hata ukuta. Mlipe fedha zikishaingia, utaona anavyoanza kuchagua wateja. Andika wazi nani anaruhusiwa kutoa mkopo, na hadi kiasi gani. Na mfanyakazi wa kwanza kukuletea habari kwamba mteja mkubwa anasuasua, ukimfokea, wa pili hatakuja. Utaijua habari hiyo siku ya mishahara.

Jedwali likionyesha wiki ya tisa ni hasi, una wiki nane za kuzungumza. Mpigie mwenye mzigo kabla ya tarehe yake, mtajie kiasi na siku utakayolipa, usimwambie "hivi karibuni". Fedha zisipotosha, anza na mishahara na kodi, kisha wale ambao wakigoma kazi inasimama, kisha wengine kwa kiasi kidogo kidogo. Mwenye biashara anajiweka mwisho wa foleni, na wafanyakazi huwa wanaona nani amesimama wapi.