Mende wa stoo

Juzi usiku mwanangu kawasha taa ya jikoni, mende wakatawanyika nyuma ya ndoo. "Baba, wanajuaje kama ni usiku?" Nikamwambia akalale. Mimi usingizi ukagoma.

Nikakumbuka Igogo, Mwanza, kidato cha tatu, mwalimu wa baiolojia na kiboksi chake. Stoo ya vifaa vya michezo ilizibwa kila tundu kwa magunia, ndani ya kiboksi akawekwa mende mmoja mkubwa wa chooni, na maji na unga wake. Kiboksi kilikaa juu ya sindano. Mende akitembea kinainama, na unyoya uliogundishwa ubavuni unakwangua karatasi yenye masizi ya kibatari. Karatasi ilivishwa kopo la maziwa lililozungushwa na mashine ya saa ya mezani.

Siku ya tatu ya giza zamu ikawa yangu. Nilipewa tochi iliyofungwa plastiki nyekundu, maana rangi hiyo mende haioni vizuri. Nikachuchumaa. Alikuwa kajibanza pembeni, kimya. Kisha kipapasio kimoja kikatikisika. Akakivuta mdomoni kwa mguu wa mbele, akakipitisha taratibu kutoka shinani hadi nchani, kikachomoka kinameremeta. Akafanya na cha pili. Hatua moja, mbili. Kiboksi kikainama, unyoya ukakwaruza. Nje wakaadhini magharibi. (Joto la stoo nalo lilishuka jioni, huenda ndilo lililomwamsha, lakini nani angemwambia mwalimu?)

Baadaye nilisoma kwamba saa yake imo ubongoni, kwenye sehemu zinazopokea habari za macho. Zikiharibiwa, mende hutembea ovyo, mchana na usiku. Mwaka 1982 mtafiti Terry Page alieleza alivyompandikizia mende sehemu hizo za mwenzake: baada ya wiki kadhaa mzunguko wa kutembea na kupumzika ukarudi, tena kwa mwendo wa yule aliyetolewa sehemu hizo.

Lakini siku ile mawazo yangu yalikuwa kwa baba. Alikuwa mvuvi wa dagaa. Mbalamwezi ikiwaka karabai hazivuti kitu, mitumbwi inapumzika, na bado yeye alikesha barazani hadi alfajiri. Nikamweleza habari za mende, kwamba huenda na yeye mwili wake una saa iliyozoea usiku.

Akacheka. "Mwanangu, mende wenu anadaiwa mafuta ya taa?"

Sijaamua hadi leo kama lile lilikuwa jibu au alinikwepa.