Namna nilivyoituliza Wi-Fi ya mgahawa wa kahawa Mikindani, Mtwara

Kila ikifika saa kumi na mbili jioni lilikuja lalamiko lile lile: "Dada, Wi-Fi imekufa." Anayepakia nyaraka za zabuni kwenye NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi, anaona mstari umesimama asilimia 60, mwanafunzi anayejaza fomu ya mkopo anatolewa nje ya akaunti, na wote wanawageukia vijana wa barazani wanaocheza gemu ya eFootball. Kifurushi kilikuwa cha Mbps (megabiti kwa sekunde) 20 kupakua na 5 kupakia, na pendekezo la kwanza la kila mtu lilikuwa kupandisha kifurushi. Nilipima kwanza, na vipimo vikaonyesha kwamba vijana wale hawakuwa na kosa.

Kompyuta niliichomeka kwenye ruta kwa waya, kwa sababu ukipima kwa Wi-Fi hutajua kama tatizo liko hewani au kwenye laini. Nikaandika ping 8.8.8.8 -t, amri inayopima muda wa kwenda na kurudi hadi seva ya Google, na kuiacha iendelee. Saa nne asubuhi majibu yalirudi kwa milisekunde 25 hadi 30. Jioni yalipita 800, ilhali upande wa kupakua ulikuwa haujafika hata nusu. Kilichojaa ni upande wa kupakia. Simu ya mteja ikishika Wi-Fi, programu ya picha huona nafasi imepatikana na kuanza kupeleka video za siku nzima kwenye hifadhi ya mtandaoni. Simu tatu za namna hiyo zinatosha kuimaliza Mbps 5. Hapo hata anayepakua tu anaumia, maana kila anachopokea lazima kompyuta yake itume uthibitisho, na uthibitisho huo umepanga foleni nyuma ya video za harusi.

Mechi ya mtandaoni hutuma vipande vidogo sana vya data. Inachohitaji ni vifike kwa wakati. Ndiyo maana mcheza gemu huwa wa kwanza kuona mambo yameharibika. Mzigo wa kweli kwa upande wao ni gemu inapojisasisha, na hilo nimewaomba walifanye asubuhi. Kwa kulinganisha, simu ya video ya watu wawili kwenye Zoom huhitaji takriban Mbps 0.6 kila upande, au 1.2 kwa picha ya 720p. YouTube ya 480p hutaka karibu 1.1 na ya 1080p hutaka 5. Ukizijumlisha utaona Mbps 20 zinabeba watu wengi, mradi foleni isimamiwe.

Ruta niliyotumia ni hAP ac2 ya MikroTik yenye RouterOS 7, programu endeshi yake. Toleo la 7 ni la lazima kwa njia hii, kwa kuwa ndilo lililoleta CAKE, utaratibu wa foleni unaogawa laini kwa haki na kuzuia data isirundikane. Kwenye Winbox, programu ya kuisimamia ruta hiyo, nilifungua Queues, kisha Queue Types, nikatengeneza aina mbili za cake: ya kupakia niliipa flowmode ya dual-srchost, ya kupakua dual-dsthost. Hivyo mgawanyo unakuwa kwa kila kifaa, na simu iliyofungua miunganisho hamsini haipati zaidi ya yenye mmoja. Kisha nikaweka Simple Queue moja, target ikiwa mtandao wote wa wateja, Max Limit ya kupakia 4300k na ya kupakua 17M.

Namba hizo ziko chini ya kifurushi kwa makusudi, kama asilimia 85. Ukiandika 20 na 5 kamili, foleni itaundwa kwenye kifaa cha mtoa huduma ambako huna mamlaka nayo. Lazima ruta yako ndiyo iwe sehemu nyembamba. Pima kasi jioni, siyo asubuhi, na ukokotoe kutokana na kipimo cha jioni.

Makosa mawili hutokea sana hapa. La kwanza ni kugeuza kupakia na kupakua. La pili limewapotezea watu siku nzima: kanuni ya fasttrack, njia ya mkato ya data, kwenye IP, Firewall, Filter Rules. Ikiwa imewashwa, data nyingi huipita Simple Queue bila kuguswa, na utaona foleni inaonyesha kilobiti chache wakati watu wanatazama video. Izime, kisha rudia ping. Kwangu jioni ilishuka hadi kati ya 35 na 60, kwa kifurushi kile kile.

Baada ya hapo zilibaki kuta. Nyumba za zamani za Mikindani ni za mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene, na masafa ya 5 GHz yanafia humo. Usinunue kile kifaa cha kurudia mawimbi chenye redio moja, kwa sababu kinapokea na kutuma kwa zamu na kasi inakatika nusu. Nilivuta waya wa Cat6 wa shaba tupu, wa matumizi ya nje, hadi akses pointi (kifaa cha kurusha Wi-Fi) ya pili chini ya paa la baraza. Waya wa alumini iliyopakwa shaba ni wa bei nafuu zaidi, lakini hukatika kwenye kiungo na hupoteza umeme njiani ukipitisha PoE, yaani umeme wa kifaa kupitia waya huo huo wa mtandao. Kabla waya haujaingia kwenye kifaa uache uning'inie kidogo, maji yadondokee chini. Hewa ya chumvi hapa hugeuza pini za shaba kuwa kijani, kwa hiyo viungo vya nje navikagua kila baada ya miezi mitatu. Ndani nimeweka chaneli 1, barazani 11, upana 20 MHz zote, kwa kuwa kwenye 2.4 GHz chaneli 1, 6 na 11 tu ndizo zisizoingiliana.

Vocha ya Wi-Fi ni ya saa mbili kwa kila oda, kifaa kimoja. Ukurasa wa kuingizia namba ukigoma kutokea, mteja azime data ya simu na afungue neverssl.com, tovuti isiyotumia https, kwa sababu ukurasa wa https hauwezi kuelekezwa kwingine. Wateja pia nimewatenganisha wasionane mtandaoni, kwa usalama wa kompyuta zao. Matokeo yake ni kwamba wanaotaka kucheza simu kwa simu hawaonani. Mmoja wao awashe hotspoti yake, na mechi ya namna hiyo huenda bila kutumia laini yetu.

Umeme ukikatika, kifaa cha fiba, ruta na akses pointi kwa pamoja hutumia kama wati 14. Betri ya 12V 7Ah ina Wh 84. Ukitumia nusu tu ili isife mapema, unapata saa tatu. Weka kifaa cha kutuliza volti katikati, maana betri inapochajiwa hufika 13.8V na si kila kifaa cha fiba kinavumilia.

Siku ikigoma kabisa, napiga ping tatu kwa mpangilio: ruta, kisha lango la mtoa huduma, kisha 8.8.8.8. Ya kwanza ikifeli, tatizo ni letu. Ya pili ikifeli, nampigia mtoa huduma. Mbili zikijibu na ya tatu ikanyamaza, huenda hitilafu iko mbali, kama tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya intaneti ya EASSy na Seacom ilipokatika baharini. Siku kama hiyo vocha hazitolewi, na wateja wanaambiwa kabla hawajaagiza.