Utetezi wa Pendekezo, Nikiwa Nyegezi

Siku niliyotetea pendekezo langu la utafiti wa shahada ya uzamivu katika falsafa, jopo lilikuwa Dar es Salaam, mimi niko Nyegezi, Mwanza. Anayesoma kwa masafa anakaa miezi na vitabu bila mtu wa kumpinga, kwa hiyo siku hiyo niliisubiri kwa hamu kubwa.

Pendekezo na slaidi vilitangulia kwa baruapepe, kila slaidi na namba yake kubwa. Namba hizo ndizo zilizotuokoa. Mtandao ulipodorora katikati ya wasilisho, nilizima kamera na kuacha kuonyesha skrini, maana picha ndiyo inayokula bando na kukwamisha sauti. Tukaendelea kwa sauti tu: "Waheshimiwa, naomba mfungue slaidi ya sita."

Nilitaka kuwahoji wazee wa Kisukuma wilayani Magu kwa mbinu ya mwanafalsafa Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi: unamrekodi mzee, unambana kwa maswali, mpaka uone wapi anarudia hekima ya jamii na wapi anaipima kwa akili yake mwenyewe. Mjumbe mmoja akauliza, "Ukishambana hivyo, jibu ni lake au ni lenu wawili?"

Pingamizi hilo si jipya. Mwanafalsafa Peter Bodunrin wa Nigeria alilitoa mwaka 1981. Lakini ukilisoma peke yako usiku unalipita haraka. Nilijibu kwamba hata Socrates, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, aliwabana watu kwa maswali, na mawazo waliyoyatoa hatusemi yote ni yake Socrates. Mjumbe hakuridhika. "Basi tuonyeshe kwenye karatasi nani kasema nini." Alikuwa na haki kabisa.

Tukakubaliana nakala ya mahojiano iwe na safu tatu: swali langu neno kwa neno, jibu la mzee kwa Kisukuma, kisha tafsiri ya Kiswahili. Ufafanuzi wangu uende sura nyingine. Swali lililobeba jibu lake, kama "Si kweli kwamba mali ya ukoo haiuzwi?", liwekewe alama, na jibu lake lisitumike kama ushahidi. Badala yake mzee aulizwe, "Mali ya ukoo ni ya nani?" Halafu: "Mzee mwenzako akikukatalia, atakuwa na hoja gani?" Hilo la pili ndilo linalofungua falsafa.

Pendekezo likapita kwa sharti la marekebisho. Marekebisho hurudishwa pamoja na jedwali: maoni ya jopo, kilichobadilishwa, ukurasa. Bila jedwali, msimamizi atalazimika kusoma kazi nzima upya, na foleni yake ni ndefu.

Baada ya hapo ni barua. Chuo kinamwandikia Katibu Tawala wa Mkoa, mkoa unaandika wilayani, wilaya inaandika kwa mtendaji wa kata, ndipo ufike kijijini. Fomu ya ridhaa iwe ya Kisukuma. Kwa mzee asiyesoma, isomwe kwa sauti mbele ya shahidi, naye aweke dole gumba.