Katoni Iliyobaki Mount Hagen

Mizani ya uwanja wa ndege wa Mount Hagen, mji wa nyanda za juu za Papua New Guinea, haitunzi siri. Unapanda na begi lako begani, karani anataja kilo kwa sauti, mwenzake anaandika, na foleni nzima nyuma yako inajua umenenepa. Asubuhi ile nilitoka 82 pamoja na begi. Mume wangu, ambaye ndiye aliyekuwa rubani wetu, alisimama kando akipiga hesabu zake, akajifanya hakusikia. Mume mwenye hekima.

Nilikuwa nakwenda kijiji kimoja cha milimani, huko magharibi njia ya kuelekea Telefomin, kukaa siku tatu na walimu watano. Nilibeba katoni mbili za vitabu, kilo 18 kwa jumla. Mbele yangu alipimwa mama mwenye bilum, ule mfuko wa nyuzi ambao wanawake wa huku huutundika kwenye paji la uso ukaning'inia mgongoni. Ndani yake mlikuwa na kitoto cha nguruwe, miguu imefungwa. Nacho kikaandikwa: kilo 6.

Mgeni huona mambo haya ni vichekesho. Ukikaa Papua New Guinea unaacha kucheka. Hakuna barabara ya kutoka Port Moresby, mji mkuu, hadi huku nyanda za juu, na vijiji vingi vya milimani havina barabara ya kwenda popote. Ni miguu siku kadhaa, au ndege. Ndege yenyewe ni Cessna Caravan ya injini moja, na viwanja vyake ni vipande vya nyasi vilivyokatwa ubavuni mwa mlima: unatua ukipanda, unaruka ukiteremka. Ukishakaribia, mlima umekaa mbele ya pua, hakuna kughairi. Juu kule hewa nayo ni nyepesi, haibebi ndege kama hewa ya pwani. Ndiyo maana kilo hubishaniwa.

Zetu zilibishaniwa dakika ya mwisho. Lilikuja sanduku la chanjo la zahanati, na chanjo haisubiri. Mume wangu akanitazama. Nikatazama katoni zangu. Hakusema neno, aliinama akashusha moja, akaisukuma ukutani. Sikumnunia, ila sikuwaaga vizuri watoto waliokuja kutusindikiza.

Watoto wetu wawili nawafundisha mwenyewe, mezani jikoni. Binti ana mazoea ya kuacha hesabu zake na kwenda kwenye kompyuta kuangalia kialama cha ndege ya baba yake kikitambaa juu ya ramani. Sijawahi kumkataza. Watu wa huduma yetu, MAF, shirika la Kikristo la usafiri wa ndege, hupenda kumsimulia Betty Greene, mwanamke aliyerusha ndege ya kwanza ya MAF mwaka 1946, na baadaye akaruka hata nusu ile nyingine ya kisiwa hikihiki. Hadithi nzuri. Lakini mimi ninayebaki nyumbani humfikiria zaidi Harry Hartwig, rubani wa MAF aliyeanguka na ndege huku 1951, mwaka uleule kazi ilipoanza.

Tulitua salama, kwa kishindo kidogo. Watoto walikuja mbio wakipiga kelele "Balus! Balus!" Kwa Tok Pisin, lugha inayowaunganisha watu wa nchi hii, balus ni ndege ya kupanda, na ni njiwa pia. Mtu wa Kiswahili huoni ajabu yoyote, maana nasi ndege wa mtini na ndege ya injini tumewapa jina moja.

Jioni nilifungua katoni na kugundua kwamba iliyobaki Mount Hagen ndiyo yenye vitabu vya kusoma. Hii ilikuwa na miongozo ya walimu tu. Miongozo kumi na miwili ya kufundishia vitabu visivyokuwepo.

Mwalimu mmoja, mkimya kuliko wote, aliichukua ile katoni tupu, akaikata kwa kisu cha shambani, akapata kurasa. Kisha akaenda kumwita mzee wake aje atupe hadithi. Mzee alisimulia jinsi walivyochimba uwanja ule akiwa kijana: vijiti vya kulimia, sepetu chache, wanawake wakihamisha udongo kwa bilum, na jiwe moja kubwa lililokataa kung'oka hadi walipolichimbia shimo pembeni na kulizika palepale. Alituonyesha mahali lilipo. Mimi nilipita juu yake na ndege bila kujua.

Kuandika ndiko kulikochukua siku mbili. Nchi hii ina lugha zaidi ya 800, na ya kijiji hiki wachache wamewahi kuiandika. Walimu wawili waligombana kabisa juu ya sauti moja iliyo kati ya k na g. Mmoja alisema wimbo wa kanisani umeiandika k, mwenziwe akajibu kwamba aliyeandika wimbo ule alitoka bonde la pili. Nilitaka kuamua, mimi mwalimu mgeni, kisha nikanyamaza. Waliandika g. Mzee, ambaye hajui kusoma, ndiye aliyeulizwa kutamka mara ishirini.

Siku ya kuondoka mawingu yaliwahi. Kwa kawaida hufunga kuelekea adhuhuri, ndiyo maana marubani huanza kazi alfajiri, lakini siku ile saa mbili asubuhi mlima wa ng'ambo ulikuwa umeshatoweka. Tukasikia injini. Ikazunguka juu yetu mara ya kwanza, ya pili, na wote tukatazama juu kwenye weupe mtupu. Nilimsikia mume wangu angani nisimwone. Halafu sauti ikapungua, ikaelekea alikotoka. Mke wa mchungaji akanishika mkono akanipeleka jikoni kwake kumenya viazi vitamu, na hakuniuliza chochote.

Kesho yake saa moja asubuhi alitua, anga safi. Mlango ulipofunguka kitu cha kwanza kushushwa kilikuwa katoni yangu. Mwalimu yule mkimya aliibeba kichwani hadi darasani, akaiweka kwenye rafu chini ya kitabu cha maboksi.

Mizani ya kijijini ni ya kutundika mtini, ya magunia ya kahawa. Nilijining'iniza kwa mikono miwili, kijana akasoma: 79. "Wamekunyima chakula?" mume wangu akauliza. Nikapanda kiti cha mbele, nikafunga mkanda, na tulipoanza kuteremka nilihesabu nyasi zikipita hadi mahali pa lile jiwe. Mzee alikuwa amesimama kando yake.