Usiku mmoja melini na watoto: tulivyofungasha kwenda Bukoba

Meli ya New Victoria inang'oa nanga Mwanza Kaskazini jioni, inapitia Kemondo, asubuhi mko Bukoba. Usiku mmoja tu, ila wifi yangu alikuja na mabegi kama anahama. Nikamwambia, "Wifi, chumba cha melini si sebule."

Begi kubwa lisukume chini ya kitanda, usiliguse mpaka mfike. Vya usiku viweke kwenye mkoba mmoja: miswaki, tochi, chaja, pampasi, kandambili na masweta. Sweta usilidharau. Mwanza mchana unatoka jasho, lakini upepo wa ziwa saa nane za usiku hauna huruma.

Kanga beba za kutosha. Moja niliichomeka chini ya godoro la juu, ikaning'inia hadi chini, mdogo akalala bila kusumbuliwa na taa. Nyingine ikawa taulo.

Kwa wenye kichefuchefu, chumba cha chini katikati ya meli huyumba kidogo kuliko vya juu au vya mbele. Dawa imezwe kabla ya safari, si mtu akishaanza kutapika. Na kwa kuwa mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku 2019, beba kopo lenye mfuniko. Utanishukuru.

Mama mkwe, anayeikumbuka meli ya MV Bukoba iliyozama 1996, alikataa kulala mpaka aonyeshwe majaketi okozi. Watoto wakacheka; mimi nilimuunga mkono. Tulivaa wote, tukakaza mikanda, na lile la mdogo likampwaya, tukaomba dogo zaidi kabla meli haijaondoka.