Nilivyopanda daraja kwa kufungia mashujaa, si kwa usajili

Misimu mitatu nilikwama ligi ya ridhaa kwenye Teamfight Manager, mchezo wa kompyuta wa kusimamia timu, na kilichonikwamisha ni ushauri. Kila niliyemuuliza alinijibu yaleyale: tafuta mchezaji mmoja mkali, mlundikie pointi zote za mazoezi kwenye mashambulizi, mengine yatajipa. Hayakujipa, na hadi leo nikisikia mtu akimwambia mgeni maneno hayo damu inanichemka.

Kwa asiyeujua, mchezo huu ulitoka Machi 2021, kazi ya Team Samoyed, kikundi kidogo cha Korea Kusini. Wewe ni meneja. Pambano likishaanza huna unachoweza kufanya: vijana wako wanapigana wenyewe kwa sekunde 60, na timu iliyoua zaidi ndiyo mshindi. Maana yake mechi unaishinda au unaipoteza kabla haijaanza, pale mnapopokezana kufungia mashujaa, yaani kuzuia wahusika fulani wasitumiwe kwenye mechi hiyo, na kuchagua wale ambao wachezaji wenu watawachezesha.

Mimi nilisajili kijana mmoja aliyekaribia kukausha hazina yote ya klabu. Alikuwa hodari wa kumchezesha mpiga mishale, nami nikazidi kumnoa kwa shujaa huyohuyo, wiki baada ya wiki, bila kumfundisha mwingine. Mechi nne za kwanza zilikuwa raha tupu. Anasimama nyuma, mwenzake anabeba mapigo mbele, wapinzani wanadondoka mmoja mmoja. Nikaanza kupiga hesabu za kupanda daraja.

Mechi ya tano, mpinzani akamfungia mpiga mishale. Nikampa kijana wangu mwanajeshi, nikijiambia si wote wanapiga kwa mbali? Kumbe ustadi hauhami kutoka shujaa mmoja kwenda mwingine. Alikufa, akarudi uwanjani, akafa tena, na kwa kuwa sikuwahi kumwekea pointi hata moja ya ulinzi, hakuwa na cha kumlinda akifikiwa. Mechi ya sita ikawa vilevile. Halafu likaja sasisho la ndani ya mchezo, lile linalobadilisha nguvu za mashujaa, na mpiga mishale akapunguzwa makali. Mazoezi ya karibu msimu mzima yakayeyuka siku moja.

Nilikaa nikitazama skrini ya kuchagua mashujaa, na safari hii nikasoma upande wa mpinzani. Kumbe ustadi wa wachezaji wao uko wazi! Misimu yote hiyo nilikuwa nafungia mashujaa niliowaogopa mimi, wale wenye sifa ya kutisha, hata kama kule kwa mpinzani hakuna anayewajua. Nilikuwa natupa nafasi za kufungia bure kabisa.

Kuanzia hapo nilifungia kile wanachokijua wao tu. Kama mchezaji wao bora anategemea shujaa mmoja, huyo anaondoka kwanza, hata awe dhaifu kiasi gani kwa sasisho la wakati huo. Na wa kwangu kila mmoja nilimfundisha mashujaa watatu: mmoja wa mbele, mmoja wa kupiga kwa mbali, na mmoja wa kusaidia wenzake, kama kuhani. Wanakua polepole, hilo sikatai, na unahitaji moyo kuvumilia vipigo vya mwanzo. Lakini mpinzani hawezi kukufungia kila kitu. Pointi za ulinzi nazo ziwekeni mapema. Aliyekufa hapigi mtu.

Vifaa nilitengeneza malighafi zilipopatikana, hapo hakuna siri.

Mechi ya kupanda daraja nilikutana na timu yenye mchawi wa moto aliyekuwa akiteketeza ligi nzima. Nilimfungia kwanza. Wakahamia kwa ninja, chaguo lao la pili, naye nikamfungia. Mchezaji wao yule nyota akabaki na shujaa asiyemjua kabisa, kama kijana wangu na yule mwanajeshi. Sekunde 60 zilipoisha tulikuwa tumeua tisa, wao wanne. Na kijana wangu wa mpiga mishale? Alicheza kuhani, hakuua hata mmoja, na hakuna mwenzake aliyekufa akiwa karibu naye.